Glasi ya Agosti Mosi

Wiki nzima, tangu sehemu iliyopita itoke, mmenisumbua. Wengine mmeapa kwamba ni sumu ya panya, wengine mmesema ni uchawi, na mama mmoja ameniandikia kwamba anayajua macho ya wanaume wa aina ile, afungwe tu bila maswali. Tulieni. Glasi bado iko mdomoni mwa Bibi Ceferina, na mjukuu wake Nimia bado yuko nyuma ya pazia.

Kwa aliyechelewa: ni alfajiri ya Agosti mosi, kijijini Potrero Yvate, Paraguay, siku ambayo hakuna mtu mwenye akili zake anayetia chakula mdomoni kabla ya kumeza mafunda matatu ya carrulim. Ni caña, yaani pombe kali ya miwa, iliyolowekwa limau na majani machungu ya ruda. Agosti kwetu ni mwezi wa baridi, mwezi unaochukua wazee na ng'ombe, na asiyekunywa siku hiyo ni kama amejiandikisha mwenyewe.

Nimia, mwenye mimba ya miezi tisa kasoro siku chache, alikuwa amemwona baba yake, Eladio, akimimina glasi mbili. Ya bibi aliimimina kutoka kwenye jagi la nyumba. Yake mwenyewe aliimimina kutoka kwenye chupa ndogo aliyoitoa ndani ya koti, huku akitupa jicho mlangoni.

Nimia hakufikiri mara mbili. Alitoka nyuma ya pazia tumbo mbele, akaipiga ile glasi. Ikaruka, ikagonga ukuta, ikavunjika.

"Wewe mtoto una wazimu?" Bibi Ceferina aliuliza, kidevu chote kikichuruzika pombe.

"Muulize mwanao kwa nini ana chupa mbili."

Eladio aliirudisha chupa ndogo ndani ya koti. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mwembamba, aliyerudi miezi mitatu iliyopita kutoka Buenos Aires baada ya kupotea miaka tisa. Alirudi na begi moja na tabia ya kuomba ruhusa hata ya kukaa kwenye kiti. Hilo ndilo lililomtia Nimia shaka kuliko kitu kingine chochote. Eladio aliyemjua yeye hakuwahi kumwomba mtu ruhusa ya jambo lolote.

Kelele zilimleta Bi Obdulia, jirani wa uzio mmoja, ambaye kila Agosti mosi huja na glasi yake mwenyewe kwa sababu za Bibi Ceferina anaziona ndogo. Alitazama vipande sakafuni, akatazama jagi, akamtazama Eladio. Mwanamke yule hana haja ya kuuliza, hujijibu mwenyewe.

Nimia alimwambia baba yake jambo moja tu. Achukue jagi la nyumba, anywe.

Eladio alilishika jagi. Akalisogeza mpaka karibu na pua, na Nimia akaliona koo lake likipanda na kushuka. Kisha akalirudisha mezani taratibu, mbali kidogo na pale alipolitoa.

"Siwezi," alisema.

Sasa, jamani, angekuwa mwanamume mwingine tungesema tumbo linamsumbua. Huyu ni Eladio Ojeda, ambaye enzi zake aliwahi kubadilisha viatu vyake kwa nusu chupa akarudi nyumbani peku, anaimba. Mtu huyo akiikataa caña, basi ndani ya caña mna kitu. Nimia aliwaza hivyo, Bi Obdulia aliwaza hivyo, na wewe msomaji usinidanganye, umewaza hivyo hivyo.

"Umeichanganya mwenyewe, mzee," Nimia alisema. "Wiki nzima umekuwa ukilitikisa hilo jagi. Kunywa, nikuamini."

"Usiniombe hilo, mwanangu. Niombe lingine lolote."

"Mwanangu utamwita utakayemlea."

Bi Obdulia naye hakutaka kupitwa. Alikumbusha habari za Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana Eladio hushika barabara, hurudi jioni na matope kwenye viatu, na akiulizwa alikokuwa anaanza kuzungumzia hali ya hewa. Kijiji kizima kinasema anakutana na mnunuzi wa viwanja. Kiwanja cha Bibi Ceferina, chenye tanuri la udongo na miti mitatu ya mchungwa, kiko pembeni mwa barabara kuu, na kila mtu anajua kitaangukia mikononi mwa nani bibi akifumba macho.

"Na mzee akifa Agosti nani atauliza?" alimalizia Bi Obdulia, akiitazama dari. "Agosti si ndiyo kazi yake."

Nimia alikuwa na shaka hiyo tangu siku ya kwanza. Miezi mitatu hii amelala mlango wa bibi ukiwa umeegeshwa kiti. Miezi mitatu amemkataza baba yake asiguse tumbo lake, asimchotee maji, asimuulize mtoto atazaliwa lini. Alimwambia basi la Asunción linapita saa tatu. Ama anywe mbele yao, ama apande basi hilo na begi lake, na mjukuu wake asimwone maishani.

Eladio alikitazama kiti chake, kisha begi lake lililoning'inia ukutani. Akaenda kulichukua begi.

Hapo ndipo Bibi Ceferina alipochoka. Ana miaka themanini na moja na hapendi kujadiliwa kama kiwanja. Alilinyakua jagi kwa mikono miwili, akapiga funda la kwanza, la pili, la tatu, na la nne la hasira. Akafuta mdomo kwa aproni, akakaa, akakunja mikono.

"Haya," alisema. "Nife."

Walisubiri. Bi Obdulia alitoa rozari mfukoni akaanza kusali, jicho moja likiwa kwa bibi. Nimia alimshika bibi yake kiganja, akakiona kina joto, akakishika zaidi. Eladio alisimama na begi begani, na kama kuna mtu aliyeogopa mle ndani basi ni yeye, lakini Nimia hakuweza kujua anaogopa nini.

"Mikate inaungua," Bibi Ceferina alisema mwishowe. Na kweli, kutoka kwenye tanuri uani harufu ya chipa, ile mikate yetu ya muhogo na jibini, ilikuwa imeanza kubadilika.

Jagi halikuwa na kitu, basi. Nimia akaigeukia ile glasi nyingine, iliyomiminwa kutoka kwenye chupa ya kotini. Aliinusa. Limau. Ruda. Akachovya kidole, akalamba, akachovya tena.

"Ni maji," alisema.

Bi Obdulia alidai aonje mwenyewe. Alionja, akapiga ishara ya msalaba. "Maji, Agosti mosi," alisema. "Afadhali ingekuwa sumu."

Eladio aliliweka begi chini. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayekiri wizi, kwamba ni miaka minne na miezi miwili hajaionja caña wala kitu chochote cha namna hiyo. Alijitengenezea maji yake ili leo ainue glasi pamoja nao, asiwaharibie siku. Funda moja tu la lile jagi, alisema, na yeye angelimaliza jagi, kisha angetoka kwenda kutafuta lingine.

Bibi Ceferina alijifunika uso kwa aproni na mabega yake yakaanza kutikisika.

Nimia yeye furaha ilimjia, naye akaikanyaga papo hapo. Mlevi akiacha pombe hutangaza mpaka kwa kuku. Huyu amekaa nyumbani miezi mitatu, kila siku akipokea maneno ya kumchoma kuhusu ulevi wake, na hakusema hata siku moja kwamba ameacha. Mtu anaficha jambo jema kwa sababu gani, kama si kulifunikia baya?

"Na Ijumaa?" aliuliza. "Ijumaa unakwenda wapi?"

Eladio akasema mawingu yale yataleta mvua.

"Nilijua," Nimia alisema, na papo hapo akaishika meza kwa mikono yote miwili.

Tangu jana jioni mgongo ulikuwa ukimuuma, na hakumwambia mtu, kwa sababu hakutaka baba yake ajitolee kusaidia. Sasa maumivu yalikuja yote kwa mpigo. Maji yakamtiririka miguuni, yakachanganyika na carrulim iliyomwagika sakafuni. Mume wake, Derlis, alikuwa Argentina kwenye mavuno. Hospitali ya mji ilikuwa mwendo wa saa mbili, na barabara ilikuwa tope tupu.

Bibi Ceferina alisema jina ambalo nyumba ile haikulisikia kwa miaka tisa. Alisema aitwe Zunilda.

Zunilda ni nesi wa zahanati ya kijiji. Miaka tisa iliyopita, Agosti mosi kama leo, Lorenza, mama yake Nimia, alianza kutoka damu akiwa na mimba changa. Eladio alitumwa akamwite nesi. Alirudi jioni, peke yake, akalia mbele ya watu kwamba amebisha mlango mpaka mikono imevimba, na nesi amemjibu kupitia dirishani kwamba leo ni sikukuu, arudi kesho. Lorenza hakuifikia kesho. Baada ya maziko, kijiji kizima kilikwenda na mawe kikavunja paa la nyumba ya Zunilda. Tangu siku hiyo watu wa Potrero Yvate wakiugua hupita mbele ya mlango wake na kutembea hadi mji wa pili. Nimia kila akipita pale hutema mate.

"Afadhali nizalie ndani ya tanuri," Nimia alisema kati ya pumzi na pumzi, "kuliko kushikwa na mikono ya yule mwanamke. Alimfungia mama yangu mlango."

"Hakumfungia," Eladio alisema.

Wote wakamtazama.

"Hakufunga mlango wowote. Mimi sikufika."

Aliyasema yote akiwa amesimama, macho kwenye vipande vya glasi. Kutoka hapa hadi zahanati kuna nyumba saba, na Agosti mosi hakuna nyumba inayokuacha upite hivi hivi. Kwenye mlango wa kwanza walimnyooshea glasi, akapokea, kwa sababu kukataa glasi ya Agosti ni kuitakia nyumba ya watu mabaya. Kwenye wa pili alipokea kwa sababu alishapokea kwenye wa kwanza. Kwenye wa tatu hakuna aliyehitaji kumwita. Wa nne haukumbuki. Aliamka mtaroni jua likielekea kuzama, akajua kilichotokea kabla hajasimama, na habari ya dirisha na sikukuu aliitunga njiani akirudi.

"Hakuna aliyenishikia mdomo," alisema. "Glasi walinyoosha wao, lakini mkono ulikuwa wangu. Siku ile Zunilda hakujua hata kwamba kuna mgonjwa."

Bibi Ceferina alikuwa ameacha kulia. Alimtazama mwanawe kana kwamba ndiyo kwanza anaingia nyumbani.

"Ndiyo maana uliondoka kabla sala za siku tisa za marehemu hazijaisha," alisema.

"Ndiyo, mama."

Nimia alitafuta kitu cha kumrushia. Mkono wake ulipapasa meza, ukapata kijiko, ukakidondosha, kwa sababu uchungu mwingine ulikuwa umeshafika. Miaka tisa amemtemea mate mtu asiye na kosa. Miaka tisa, na aliyemfundisha kutema mate ni huyu, aliyesimama hapa akimwambia leo, wakati yeye hawezi hata kusimama wima ampige. Chuki yake ilikuwa kubwa, na chini yake kulikuwa na hofu, kwa sababu mama yake naye alikuwa amelala kwenye chumba hiki hiki akisubiri mtu arudi.

Pikipiki ya Derlis ilikuwa uani. Bibi Ceferina hawezi kuiendesha, Bi Obdulia huogopa hata baiskeli. Aliyebaki ni mmoja. Barabara ni ile ile, siku ni ile ile, na milango saba imeshafunguliwa, maana jua limechomoza na watu wako nje na majagi yao. Msinilaumu mimi. Sikuipanga hiyo kalenda.

"Niruhusu niende," Eladio alisema.

Tazama tabia hiyo ya kuomba ruhusa.

"Nenda," Nimia alimjibu. "Na usiponiletea nesi, usirudi hata kunizika."

Pikipiki ikanguruma, ikatoka getini, ikashika barabara. Nimia alikuwa kitandani sasa, na alikuwa akisikiliza kwa mwili mzima. Mlio ulikwenda kidogo tu. Kisha ukanyamaza.

Bi Obdulia alikimbilia kwenye uzio. Alirudi akihema. Ni nyumba ya kwanza, alisema, ya akina Benítez, wamesimama katikati ya barabara, watu wazima watano, wamemshikisha glasi.

"Ameinywa?"

"Sijui. Amenipa mgongo."

"Rudi ukaangalie."

Kabla hajafika mlangoni pikipiki ikanguruma tena. Ikaenda, ikapita kona, na kutoka hapo hakuna aliyesikia kitu. Nimia aliuma ukingo wa blanketi. Hakumwomba Mungu amlinde baba yake. Alimwomba tu amfikishe, basi, hata kama ni kwa kumburuta.

Haikupita nusu saa pikipiki ikarudi. Aliyeshuka alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi, amevaa sweta iliyogeuzwa ndani nje, mkoba wake wa kazi begani. Alikuwa peke yake.

"Baba yuko wapi?" Nimia aliuliza, kabla ya salamu.

Zunilda alieleza huku akinawa mikono. Matope ni mengi, wakiwa wawili wangelala mtaroni. Eladio alimpa ufunguo, yeye anakuja kwa miguu.

"Alikuwa amekunywa?"

"Sikumnusa, binti yangu. Nilikuwa natafuta viatu."

Halafu nesi aliongeza jambo, akimpapasa Nimia tumbo. Alisema kila Ijumaa, miezi mitatu sasa, mwanamume yule husimama ng'ambo ya barabara mbele ya zahanati, kofia mkononi, saa nzima, kisha huondoka. Alidhani amekuja kumpeleleza. Aliweka panga nyuma ya mlango. Leo ndiyo siku ya kwanza kuvuka barabara, na alipovuka alisema yote, mbele ya mlango, bila kujitetea.

Nimia alitaka kusema kitu. Alikuwa na maneno ya miaka tisa ya kurudisha na hakujua aanzie wapi. Zunilda alimzuia. Mtoto ametanguliza matako, alisema, na hilo ndilo la kwanza. Radhi Nimia ataiomba baadaye, mtoto akishapumua.

Sitawaeleza saa zilizofuata. Wanawake mnaosoma mnazijua, wanaume mngezimia. Ninachoweza kusema ni kwamba kati ya uchungu na uchungu Nimia alikuwa akiuliza saa. Kutoka zahanati kwa miguu ni mwendo wa chini ya saa moja. Saa nne Eladio hakuwa amefika. Saa tano hakuwa amefika. Saa sita Bi Obdulia alisema, bila kuulizwa, kwamba milango saba ni mingi kwa mtu mwenye kiu ya miaka minne, na Bibi Ceferina akamtuma akachochee tanuri lililokwisha zimika.

Nimia alikuwa akiwaza vilevile, na alijichukia kwa kuwaza hivyo. Alimwona baba yake mtaroni, mdomo wazi. Alimfikisha nesi, ndiyo. Sasa hana wa kumkimbilia, anatembea polepole, na kila mlango unamwita kwa jina.

Saa saba na robo mchana akazaliwa msichana. Alitanguliza matako, ukafuata mgongo, mikono, na kichwa mwisho kabisa, kwenye viganja vya Zunilda ambavyo havikutetemeka hata mara moja. Alikuwa wa bluu, akawa mwekundu, akapiga kelele. Bibi Ceferina alilia kwa mara ya pili siku hiyo na kusema ni pombe.

Nimia alimlaza mtoto kifuani. Ndipo harufu ilipoingia.

Iliingia kabla ya mtu. Caña, limau, ruda, nzito kama ya kilabuni, ikitokea uani, ikipanda ngazi, ikijaza chumba. Kisha Eladio akasimama mlangoni. Shati lilikuwa limelowa na kugandamana na kifua. Nywele zilikuwa zimelowa. Juu ya jicho la kushoto palikuwa na mkato mdogo wenye damu iliyokauka.

"Sikunywa," alisema.

Bi Obdulia alicheka, kicheko kifupi cha puani.

Eladio alieleza akiwa pale pale mlangoni, hakuvuka kizingiti. Alisema asubuhi hakuwa na wakati, aliwaambia akina Benítez wampishe tu kuna mgonjwa, akawarudishia glasi yao. Lakini wakati wa kurudi alikuwa na wakati. Alisimama kwenye kila mlango, akakataa glasi, akawaambia kwa nini. Aliwaambia kwamba paa walilovunja lilikuwa la mtu asiye na hatia. Kwenye mlango wa tatu walimmwagia glasi usoni. Kwenye wa tano walimmwagia jagi, kisha wakamtupia jagi lenyewe.

"Na wa sita?" Bibi Ceferina aliuliza.

"Nilikwenda pia. Na wa saba."

Ni habari nzuri. Na alishawahi kuja na habari nzuri nyingine, miaka tisa iliyopita, akiwa amesimama kwenye mlango huo huo, akilia, na wote waliiamini.

"Njoo hapa," Nimia alisema. "Fungua mdomo."

Eladio alikuja. Alipiga magoti kando ya kitanda, akafumba macho, akafungua mdomo mbele ya mwanawe, yeye mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Bi Obdulia akageuka kutazama pembeni, na hiyo si kawaida yake.

Shati lilinuka caña. Nywele zilinuka caña, hata masikio. Nimia alisogeza pua karibu na meno ya baba yake. Mdomo ulinuka njaa tu, ile harufu chachu ya mtu ambaye tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Alinusa tena, kwa sababu Nimia ni Nimia. Njaa.

Akamnyooshea mtoto.

"Shika kichwa," alisema.

Eladio alinyoosha mikono, akalia, akataka kusema kitu.

"Sijasema nimekusamehe. Nimesema shika kichwa."

Akakishika. Alimpakata mjukuu wake mbali na shati lililolowa, viwiko hewani, na hakuthubutu kukaa mpaka Bibi Ceferina alipomsukumia kiti.

Hakukaa sana. Bi Obdulia, aliyekuwa dirishani, aliita kwa sauti ambayo Nimia hakuwahi kumsikia nayo. Watu wanakuja, alisema. Si mmoja mmoja. Ni nyumba zote saba, barabara nzima imejaa, wanaume mbele.

Zunilda alikuwa akifunga mkasi wake kwenye kitambaa. Kitambaa kikamtoka mkononi. Mikono ile iliyompokea mtoto bila kutetemeka sasa ilikuwa ikitafuta ukuta. Mara ya mwisho watu wale kumjia pamoja namna hii walikuja na mawe.

"Wamekuja kwa ajili yako au yangu?" alimuuliza Eladio.

Eladio alisema hajui. Alimrudishia Nimia mtoto, kichwa kikiwa kimeshikwa vizuri, akamwomba nesi asisogelee dirisha, akatoka uani peke yake na kuvuta mlango nyuma yake.

Nimia alisikiliza. Alisikia geti, kisha viatu vingi vikisimama, kisha kimya. Alisubiri kusikia jiwe. Badala yake alisikia sauti ya mzee Benítez, na haikuwa ikizungumza na Eladio. Ilikuwa imeelekezwa nyumbani, dirishani, kwake yeye.

"Nimia. Baba yako amepita kwetu ananuka pombe na kutuambia tumemvunjia nesi nyumba bure. Yeye alishatudanganya mara moja. Wewe hujawahi. Tuambie wewe, binti. Huyu amelewa, au ni kweli?"

Nesi alimkataza asiinuke. Nimia alimpa bibi yake mtoto, akakanyaga sakafu kwa miguu mitupu, akaomba ashikwe mkono afike mlangoni awaambie ni kweli.